Riviera Maya, Punta Cana au Unguja na Diani: familia iende wapi kukimbia baridi?

Baridi ikishakaza Toronto, Minneapolis au London, ofa huanza kumiminika kwenye simu: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, bwawa la kuogelea, na bei moja inayosemwa ina kila kitu ndani yake. Kwa familia za Waswahili walioko Amerika ya Kaskazini na Ulaya, uchaguzi mara nyingi huwa kati ya sehemu tatu. Ya kwanza ni pwani ya Karibi ya Mexico kutoka Cancún hadi Tulum, eneo linaloitwa Riviera Maya. Ya pili ni mashariki ya Jamhuri ya Dominika, yaani Punta Cana na Bayahibe. Ya tatu ni upande wetu, Unguja ya Zanzibar au Diani, kusini ya Mombasa. Kote huko bahari ni vuguvugu kuanzia Desemba hadi Machi. Tofauti zimo katika mambo ambayo picha haionyeshi, na karibu yote unaweza kuyajua kabla ya kulipa amana.

Mambo ya kupima kabla ya kutazama bei

Anza na siku. Usihesabu usiku wa kifurushi, hesabu siku kamili za ufukweni, zile unazoamka hotelini na kulala hotelini. Kifurushi cha usiku saba kwa kawaida kina siku sita tu za namna hiyo, kwa sababu siku ya kwanza mnafika alasiri na ya mwisho chumba kinadaiwa saa tano asubuhi au saa sita mchana. Gharama zote za safari zigawe kwa siku hizo, na utashangaa jinsi "ofa" inavyobadilika sura.

Pili, pasipoti. Katika nyumba moja unaweza kukuta baba ana pasipoti ya Tanzania na grini kadi, mama ana ya Kanada, watoto wana ya Marekani, na bibi yuko kwa viza ya matembezi. Kila mmoja ana sheria zake, na mmoja akikwama wote mmekwama.

Tatu, idadi ya watu chumbani. Vyumba vingi vya hoteli hizi vimepangwa kwa watu wazima wawili na watoto wawili. Mkiwa watano, au mkimchukua bibi, mnanunua chumba cha pili au cha familia kubwa, na hapo hesabu hupanda ghafla. Umri wa mtoto huhesabiwa siku ya kufika, si siku ya kulipa. Aliyetimiza miaka 12 au 13 katikati ya hapo anaweza kutozwa bei ya mtu mzima, kutegemea hoteli.

Nne, uliza nani atakula na kunywa hicho "kila kitu". Bei ya kifurushi imebeba pombe ya siku nzima. Familia isiyokunywa inawalipia watu wa meza ya jirani, na hilo mawakala hawalisemi. Kifurushi bado kinaweza kuilipa, hasa ikiwa na vijana wanaokula mara tano kwa siku, lakini linganisha kwanza na hafu bodi, yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku tu.

Yaliyobaki ni hali ya bahari katika mwezi ule hasa mnaokwenda, afya, na bili ya pembeni: viza, bima, usafiri kutoka uwanja wa ndege, mizigo na bakshishi.

Kwa kalenda, wiki ghali ni zilezile kila mahali: Krismasi hadi mwaka mpya, likizo fupi ya katikati ya Februari, na mapumziko ya shule ya Machi. Bei hupumua katika nusu ya kwanza ya Desemba, na tena kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi mwanzo wa Februari. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule asinunue wiki nyingine yoyote.

Riviera Maya, Mexico

*Safari na hati.* Kutoka Toronto, New York au Minneapolis ni ndege ya takriban saa nne. Jimbo la Quintana Roo, ambamo Riviera Maya imo, halibadilishi saa. Mwaka mzima linafuata saa za baridi za New York, kwa hiyo watoto hulala na kuamka kama walivyozoea. Ukiondoka Jumamosi asubuhi, jioni mko majini. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo haihitaji viza ya Mexico kama ana ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi ya Schengen, au viza hai ya nchi hizo. Abebe kadi au hati yenyewe, kwa kuwa anayemkagua kwanza ni mfanyakazi wa ndege na si afisa uhamiaji.

Mtego mkubwa uko kwa wakaazi wa Kanada wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Tiketi rahisi hupitia Chicago au Charlotte, na kubadilisha ndege ndani ya Marekani kunataka viza ya Marekani hata kama hamtoki uwanjani. Nunua ndege ya moja kwa moja hata ikizidi bei.

*Bahari.* Januari na Februari maji ni kama nyuzi 26. Kinachoharibu wiki ni pepo za baridi ziitwazo norte, zinazoshuka kutoka kaskazini kati ya Novemba na Februari na kudumu siku moja hadi tatu. Bahari huchafuka, bendera nyekundu hupandishwa, boti za visiwa vya Isla Mujeres na Cozumel husimamishwa, na jioni joto linaweza kushuka hadi nyuzi 18. Bwawa lisilopashwa moto huwa baridi kwa mtoto wa miaka miwili. Muulize wakala swali moja mahususi: bwawa la watoto linapashwa moto Januari? Akijibu "hali ya hewa ni nzuri", hajajibu.

Halafu kuna sagasamu, mwani wa kahawia unaoelea baharini. Tangu 2011 umekuwa ukifika Karibi kwa wingi usiokuwa wa kawaida. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Machi au Aprili hadi kiangazi, na mwaka mwingine huwahi Februari. Ukirundikana ufukweni huoza na kunuka kama yai viza. Anayekwenda Januari hana sababu kubwa ya kuhofia. Anayekwenda katika mapumziko ya Machi achague Isla Mujeres au upande wa magharibi wa Cozumel, ambako hufika kidogo.

Faida ambayo sehemu nyingine mbili hazina kwa wingi huu ni senote, visima vikubwa vya asili vya maji yasiyo na chumvi ndani ya mawe ya chokaa. Norte ikivuma, familia huhamia huko. Jaketi la kuokolea huvaliwa hata na anayejua kuogelea, maana kina hushuka ghafla. Losheni ya jua huzuiliwa kabla ya kuingia majini, basi wavalishe watoto fulana za mikono mirefu za kuogelea.

*Chumba na chakula.* Hapa ndipo penye uchaguzi mpana wa vyumba vya familia kubwa, na ushindani huo unawafaa wenye watoto watatu. Klabu za watoto kwa kawaida hupokea kuanzia miaka minne, asiyevaa nepi. Mikahawa ya kuagiza hutaka nafasi iwekwe mapema, na mingine humtaka mwanamume avae suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Nenda kaweke nafasi za wiki nzima siku ileile ya kufika. Kwa asiyekula nguruwe, shida si nyama inayoonekana. Shida ni mafuta yake, manteca, yanayopikiwa maharage na kuwekwa katika chapati za ngano na tamales. Uliza "¿lleva manteca?" kabla ya kupakua. Nyama halali ni nadra. Wengi huishi kwa samaki, mayai na mboga.

*Afya.* Vidonge vya malaria kwa kawaida havihitajiki. Homa ya dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Maji ya bomba hayanywewi, wala hayasukutuliwi mdomo na mtoto.

*Bili ya pembeni.* Kuna kodi ya utalii ya jimbo na tozo ya usafi wa mazingira inayolipwa mapokezi, kwa chumba kwa kila usiku, mara nyingi nje ya kifurushi. Lipia usafiri kutoka uwanjani kabla ya kuondoka: Playa del Carmen iko kama kilomita 55, Tulum zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukishapita forodha ya Cancún utakutana na watu wenye sare na mbao za kuandikia wanaokuita kwa upole kuhusu "usafiri wako". Ni wauzaji wa hisa za majumba ya likizo. Pita bila kusimama hadi nje kabisa, ndiko dereva wako aliko.

*Inamfaa nani.* Mwenye wiki moja tu, mwenye vijana wanaochoka na ufukwe siku ya tatu, na familia ya watu watano au zaidi. Haimfai sana anayekwenda Januari na mtoto mchanga akitegemea maji ya moto kila siku.

Punta Cana na Bayahibe, Jamhuri ya Dominika

*Safari na hati.* Ni kama saa nne hadi nne na nusu kutoka New York au Toronto. Saa za huko ziko saa moja mbele ya New York wakati wa baridi. Mwenye ukaazi halali au viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen huingia kama mtalii bila viza. Kadi ya utalii ya dola 10 imeshaingizwa ndani ya tiketi ya ndege. Kila familia hujaza fomu ya mtandaoni iitwayo E-Ticket, ya kuingia na ya kutoka, na kupewa msimbo wa kuonyesha uwanjani. Fomu ya serikali ni bure. Tovuti inayokutoza si ya serikali.

Uwanja wa Punta Cana uko karibu na hoteli zenyewe, dakika 20 hadi 40 kwa hoteli nyingi za Bávaro, eneo kuu la fukwe za hapo. Kwa mwenye mtoto anayetapika garini, hilo pekee linaweza kuamua.

*Bahari.* Hapa watu hukosea kwa kudhani Punta Cana ni ufukwe mmoja. Bávaro ina mwamba unaovunja mawimbi mbele yake, na mtoto wa miaka mitano anaweza kucheza penye maji ya magotini. Ukielekea kaskazini hadi Uvero Alto, hoteli ni mpya na bei nzuri, lakini bahari ya Atlantiki hupiga moja kwa moja, na bendera nyekundu inaweza kukaa siku nyingi za likizo yenu. Bayahibe, upande wa kusini unaotazama Karibi, ina maji yaliyotulia kuliko yote na sagasamu kidogo. Gharama yake ni safari ya barabara ya takriban saa moja kutoka uwanjani. Joto la maji ni nyuzi 26 hadi 27. Mvua huja, hunyesha dakika ishirini, jua hurudi. Norte hapa hazina nguvu kama Cancún, na kwa sababu hiyo Januari ya Dominika inatabirika zaidi.

Kama mnakwenda kati ya katikati ya Januari na Machi, nyangumi wenye nundu huwa wako ghuba ya Samaná wakizaa. Safari ya kuwaona kutoka Punta Cana hula siku nzima, alfajiri hadi usiku. Chini ya miaka saba msijaribu.

*Chumba na chakula.* Ukipanga hoteli za daraja moja, bei ya hapa mara nyingi huwa chini ya Mexico, na sehemu ya sababu ni kwamba hoteli ni nyingi mno katika eneo dogo. Ubora hupishana sana. Soma maoni ya miezi mitatu ya karibuni tu, na utafute maneno matatu: kiyoyozi, maji ya moto, tumbo. Jambo la kuwafurahisha watoto wetu ni kwamba chakula cha wenyeji wanakijua: wali na maharage, ndizi za kuchemsha na kuponda asubuhi, muhogo, samaki wa kukaanga. Ila nguruwe ameenea, hata ndani ya soseji za kifungua kinywa. Sema "sin cerdo", na kwa mkaanga mayai omba kikaango kisafi.

*Afya.* Dengi ipo. Malaria ipo katika baadhi ya mikoa ya nchi, kwa hiyo mtajie daktari jina la eneo la hoteli, usimtajie nchi tu. Tumbo la bufe ndilo tatizo la kawaida zaidi: chakula kilichokaa vuguvugu mchana kutwa, saladi iliyooshwa kwa maji ya bomba, barafu ya kibanda cha nje. Beba pakiti za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi hapo inamdhuru mtoto.

*Bili ya pembeni.* Ndogo kuliko zote tatu, mradi msitoke. Siku mkitoka, matembezi yote huuzwa kwa dola, na bei ya dawati la hotelini huwa juu ya ile ya kuagiza kabla ya safari. Beba noti za dola moja moja za bakshishi. Anayesafisha chumba aachiwe kila siku, kwa kuwa wa kesho huenda si yuleyule.

*Inamfaa nani.* Watoto wa miaka miwili hadi minane, wazazi waliochoka wanaotaka kutofanya lolote, na bajeti inayotaka kujulikana mapema hadi senti ya mwisho. Vijana wa miaka 15 huchoka haraka.

Unguja na Diani

*Safari na hati.* Hapa hesabu ya siku inakuwa kali. Kutoka Amerika ya Kaskazini hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Unguja; kwa kuunganisha Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, mlango hadi mlango ni saa 24 au zaidi. Chukua likizo ya siku tisa kutoka Toronto, Jumamosi hadi Jumapili ya wiki inayofuata. Mexico inakupa siku saba kamili. Unguja inakupa tano, na tatu kati ya hizo watoto wanaamka saa tisa usiku wakidai chai, kwa sababu tofauti ni saa nane. Chini ya usiku kumi hotelini, safari hii haijilipi kwa anayetoka Amerika. Kwa anayetoka Ulaya mambo yanageuka: ni ndege ya usiku mmoja, tofauti ya saa mbili au tatu tu, ilhali Karibi kwake ni mbali na saa zinapishana zaidi.

Pasipoti inaweza kuwa nafuu au mzigo. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi hahitaji viza ya Tanzania. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani hulipa kama Mmarekani, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha: viza dola 100 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Wengi wa wenye pasipoti nyingine hulipa dola 50. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulipia pia bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, hata kama ana bima yake. Familia ya wanne yenye pasipoti za Marekani inaanza na dola 532 kabla ya kugusa mchanga. Kenya inakubali uraia pacha, basi Mkenya abebe pasipoti zote mbili na kitambulisho. Wageni wengi wasio raia wa nchi za Afrika huomba kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, eTA, kwa ada rasmi ya dola 30.

Homa ya manjano: anayetoka Kenya kuingia Unguja huombwa kadi ya chanjo. Vilevile anayekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, na Ethiopia imo. Tazama muda wa kusubiri Addis kabla ya kuchagua tiketi ya bei rahisi.

*Bahari.* Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto, jua kali, maji nyuzi 28 au zaidi. Hakuna norte wala sagasamu. Kuna kupwa na kujaa, na mgeni asiyeelewa hilo hurudi amenuna. Wakati wa bamvua, kuandama kwa mwezi na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka hadi karibu mita nne. Mashariki ya Unguja, Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, maji hurudi nyuma kilomita nzima. Bamvua maji hutoka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, muda hasa ambao watoto wanataka kuogelea, na kujaa tena saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na hayaendi mbali. Mwenye watoto wadogo anayetaka mashariki atazame kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya bei.

Nungwi na Kendwa huogeleka karibu saa zote, na Kendwa imekingwa na upepo wa kaskazi. Paje upepo huohuo huwavuta wanaoteleza kwa tiara. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni mchanga machoni. Diani ina mwamba kwa nje na maji tulivu ndani yake, ila yakipwa unatembea juu ya mawe na viumbe wenye miba. Viatu vya mpira vya majini ni lazima pande zote mbili. Na Diani funga mlango wa baraza: nyani na tumbili hawabishi hodi.

*Chumba na chakula.* Soma maana ya "kila kitu" hapa kwa makini kuliko kwingine. Hoteli kubwa za Nungwi na Kiwengwa zinafuata mtindo wa Karibi. Nyingine hutoa vinywaji vya nyumbani tu, hukata saa tano usiku, na hutoza kahawa ya mashine na juisi ya kukamua. Nyama kwa kawaida ni halali na nguruwe akiwepo hutengwa, na kwa familia nyingi hilo linamaliza mjadala. Upande wa pili, watoto waliozoea mabomba ya kutelezea, michezo ya bwawani na klabu ya siku nzima watakuta hoteli chache zenye hayo.

Ndugu nao wamo katika hesabu. Mkifika Unguja au Mombasa, habari zitasambaa kabla hamjafungua mabegi. Hoteli ya kila kitu ndani haimwingizi shangazi getini bila kulipiwa tiketi ya siku, na sufuria ya pilau aliyokuja nayo haiingii kabisa. Nanyi mtaalikwa mjini chakula cha mchana mara tatu, siku ambazo kifurushi mmeshakilipia. Mwenye ndugu wengi achukue hafu bodi, au agawe likizo: siku za nyumbani kwanza, zikiambatana na usingizi uliovurugika, kisha usiku tano au sita wa hoteli mwishoni.

Uliza pia bei ya mkazi. Kenya na Tanzania hoteli huwa na bei ya mgeni na ya mkazi, na nyingine humpa raia hiyo ya pili hata akiishi ng'ambo. Lazima iandikwe kwenye uthibitisho. Ya mdomo huyeyuka mapokezi.

Ramadhani inaangukia msimu huu kwa miaka hii: ya 2026 huanza karibu tarehe 18 Februari, ya 2027 karibu tarehe 8. Ndani ya hoteli huduma huendelea, lakini nje mchana mikahawa mingi hufungwa na kula hadharani hakupendezi. Kwa anayefunga na kutaka futari ya Forodhani, bustani ya vyakula mjini Unguja, hiyo ni sababu ya kwenda.

*Afya.* Vidonge vya malaria, kwa wote. Mzazi aliyekulia Tanga hudhani anaijua malaria. Kinga ile hupungua kwa miaka ya kukaa ughaibuni, na mtoto aliyezaliwa Ohio hana kinga kabisa. Muone daktari wiki nne hadi sita kabla. Atovakwoni-proguanili, mojawapo ya vidonge hivyo, hupimwa kwa uzito wa mtoto, huanza siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Makosa ya kawaida ni kuacha siku ya kutua nyumbani. Homa yoyote katika miezi inayofuata, mwambieni daktari mlikuwa wapi, kwa sababu kule kwao malaria si kitu cha kwanza wanachokifikiria.

*Bili ya pembeni.* Kubwa kuliko zote tatu: viza, bima, dawa, tozo ya miundombinu kwa kila usiku Zanzibar, gari la saa moja hadi moja na nusu kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi Nungwi. Kwenda Diani, ndege ya Nairobi hadi Ukunda inakuepusha na foleni ya kivuko cha Likoni, ambayo wiki ya Krismasi haina mwisho. Na zawadi za ndugu, ambazo hakuna wakala anayeziweka kwenye karatasi.

*Inamfaa nani.* Familia iliyoko Ulaya, familia yenye wiki mbili au zaidi, na wanaotaka watoto wasikie Kiswahili nje ya simu. Haimfai mwenye siku saba na mtoto wa mwaka mmoja anayetoka Calgary.

Kuamua kwa hali yako

Una wiki moja, mnatoka Amerika ya Kaskazini, watoto hawajafika miaka minane: Bávaro, au Bayahibe kama mtoto anaogopa mawimbi. Wiki hiyohiyo na vijana wa sekondari: Riviera Maya, kati ya Playa del Carmen na Tulum, muwe na senote karibu norte ikivuma.

Mnakwenda katika mapumziko ya Machi: Bayahibe au Cozumel. Unguja ya mwishoni mwa Machi inaanza kuingia masika, ikiwezekana malizeni kabla ya katikati ya mwezi.

Hamnywi pombe na mnataka nyama halali: Unguja au Diani kwa hafu bodi. Siku zikiwa chache, chagueni hoteli ya Dominika yenye mkahawa wa samaki, na mwandikie meneja wa jikoni kabla ya kulipa. Ulizeni katika barua hiyohiyo kama vazi la kuogelea la kujisitiri linaruhusiwa bwawani, kisha chapisheni jibu mwende nalo.

Mko watano au sita: omba bei ya chumba kimoja cha familia na ya vyumba viwili vyenye mlango wa kati, hoteli moja, tarehe moja. Mara nyingine vyumba viwili ni nafuu.

Mzazi mmoja anasafiri na watoto: beba barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyoshuhudiwa na mwanasheria, na vyeti vya kuzaliwa. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na mama hubaki na la baba yake, kwa hiyo afisa wa mpakani ataona majina yasiyolingana na atauliza.

Mna hati ya kusafiria ya mkimbizi badala ya pasipoti: ulizeni ubalozi wa nchi mnayokwenda kwa maandishi kabla ya kulipa chochote, na shirika la ndege pia. Anayeishi Marekani ana njia nyingine, Puerto Rico, ambayo ni eneo la Marekani na haihitaji pasipoti; hoteli za kila kitu ndani ni chache huko, basi pangeni nyumba yenye jiko karibu na ufukwe.